Kompyuta katika shule za msingi: kila mtoto apewe yake?

Ndugu wachangiaji, mada inauliza iwapo kila mwanafunzi wa shule ya msingi apewe kompyuta yake, na wengi waliotangulia wamejibu ndiyo, kwa hoja kwamba asiyeizoea mapema ataachwa nyuma. Hofu hiyo naiafiki, ila dawa inayopendekezwa siiafiki.

Peru iliijaribu dawa hiyo kwa kugawa kompyuta mpakato shuleni kupitia mpango wa One Laptop per Child, yaani kompyuta mpakato moja kwa kila mtoto. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2012, iliyofanywa katika shule za msingi 319 za vijijini, haikuona nafuu yoyote ya kuthibitika katika matokeo ya hisabati wala ya lugha, ingawa ilikuta maendeleo kiasi katika majaribio ya uwezo wa kufikiri kwa ujumla. Najua nitaambiwa kwamba kasoro ilikuwa ya utekelezaji tu, lakini neno hilo “tu” ndilo linalonitatiza, kwa sababu utekelezaji maana yake ni mwalimu, na mwalimu hagawiwi ndani ya boksi.

Chukueni mfano wa Logo, lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyobuniwa mwaka 1967 na mwanahisabati Seymour Papert na wenzake kwa ajili ya watoto. Mtoto humwamuru kobe aliye kwenye skrini aende mbele hatua kadhaa, kisha ageuke kulia nyuzi kadhaa, na kobe huacha mstari anapopita. Akitaka mraba, mtoto hurudia mara nne mbele 100, kulia 90, na mraba unatokea. Akitaka pembetatu yenye pande sawa, mara nyingi huandika kulia 60, maana alifundishwa kuwa kila pembe ya umbo hilo ina nyuzi 60. Akirudia mara tatu, anapata nusu ya umbo la pande sita, lililo wazi upande mmoja. Mwalimu aliyeandaliwa hamtajii jibu. Humwambia asimame, aitembee pembetatu hiyo sakafuni, mpaka mwili wake umwonyeshe kwamba kwenye kona anageuka nyuzi 120, yaani 180 kutoa zile 60 za pembe ya ndani. Mwalimu asiyeandaliwa atasema mashine imekosea, au atamtajia namba na kupita, na hapo kompyuta haitakuwa imefanya lolote ambalo ubao usingefanya.

Somo hilo halihitaji kompyuta kwa kila mtoto. Wawili wakikaa pamoja hubishana kwa sauti kabla ya kubonyeza, na mabishano hayo ndiyo hesabu yenyewe. Wakiwa watano mambo huharibika: mwenye nguvu hukamata kipanya, wengine wanageuka watazamaji, na mara nyingi wasichana ndio wanaosukumwa nyuma. Kwa hiyo ningeanza na kompyuta za watoto wawili wawili, zamu zilizoandikwa kwenye ratiba, na mafunzo ya walimu yanayotangulia ununuzi. (Chumba cha kompyuta kinachofunguliwa siku ya wageni pekee sikihesabu kabisa.)

Wanaotetea kompyuta moja kwa kila mtoto nawaomba watujibu jambo moja: betri zikichoka na vibonyezo vikianza kung’oka, fungu la kuzitengeneza litatoka wapi, na mtoto ambaye yake imekufa atafanya nini wenzake wakiendelea na somo?