Seva ya kumbukumbu za korosho: tuipangishe kituo cha data Dar es Salaam au Ulaya?

Muulizaji, Mtwara Mjini
Habari zenu ndugu zangu. Kampuni yetu inatunza kumbukumbu za uzito na malipo ya wakulima kwa maghala ya Mtwara, Masasi na Newala. Seva, yaani kompyuta kuu inayozihifadhi, iko ofisini, na msimu uliopita umeme ulipokatika mchana kutwa diski mbili ziliharibika, tukalazimika kuingiza upya stakabadhi za wiki nzima kutoka kwenye karatasi huku wakulima wakisubiri fedha zao. Sitaki jambo hilo lijirudie. Sasa nataka kuihamishia kwenye kituo cha data, yaani jengo linalotunza seva za wateja. Nimepata bei ya kituo cha Dar es Salaam na ya kituo cha Ulaya, ambacho ni nafuu kwa karibu nusu. Zaidi ya bei, nipime nini?

Fundi mitandao, Lindi
Pole sana, ndugu. Mimi ningeanza na njia kabla ya jengo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchini, ilhali data ya Mtwara kwenda Dar es Salaam haina haja ya kuvuka bahari, mradi mtoa intaneti wenu na kituo hicho wawe wameunganishwa humu humu nchini. Hilo liulizeni kwa maandishi.

Kuhusu jengo, msiridhike kuambiwa tu kwamba ni la Daraja la 3. Madaraja hayo, 1 hadi 4, yaliwekwa na Uptime Institute ya Marekani, na la 3 maana yake ni kwamba mtambo wowote wa umeme au wa kupoozea unaweza kuzimwa kwa matengenezo bila seva za wateja kuzimika. Lakini cheti cha michoro ni kimoja na cha jengo lililokwisha kujengwa ni kingine. Ombeni hicho cha pili.

Mhasibu, Masasi
Kumbukumbu hizo zina majina, simu na akaunti za wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kuhamishia taarifa kama hizo nje ya nchi, kwa hiyo pimeni unafuu wa Ulaya pamoja na gharama ya kuyatimiza. Mkataba pia utaje fundi wa kituo atakayeishughulikia seva yenu usiku, kwa maana Dar es Salaam ni mbali, na mvua za Mei 2024 ziliikata barabara yetu upande wa Kilwa.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Je, Newala ikikosa mtandao siku ya kupima?

Fundi mitandao, Lindi
Kila ghala liwe na kompyuta inayohifadhi uzito na kuupeleka mtandao ukirudi. Nakala rudufu zikae nje ya kituo hicho, nanyi mjaribu kuzirejesha kabla ya minada ya Oktoba. Sisi tulipojaribu tuligundua kwamba nenosiri la kuzifungulia lilikuwa ndani ya seva ileile. Sasa limeandikwa na kufungiwa katika kasiki ya ofisi.