Minyoo, chawa na labda utitiri kwa wakati mmoja: nianze na kipi?

TembeKumiNaMbili:
Wakuu, habari. Nina mitetea 12, kila mmoja ana takriban kilo 2. Mayai yameshuka kutoka 9 kwa siku hadi 4, upanga umepauka na mfupa wa kifua umechomoza. Kwenye kinyesi kuna minyoo mieupe mirefu kama tambi. Chini ya mkia, mashina ya manyoya yameganda vitu vyeupe, na nikipekua naona wadudu wa rangi ya majani makavu wakikimbia. Wiki 3 zilizopita niliwapa piperazini kwenye maji mara moja na kuwapaka unga wa chawa mara moja. Nirudie vilevile au nibadili dawa?

BandaKavu:
Mkuu, kabla ya kununua chochote, leo usiku saa mbili au tatu baada ya giza kuingia, ingia bandani na tochi. Futa kwa kitambaa cheupe upande wa chini wa fito wanazolalia, hasa pale ncha zinapoegemea ukuta. Kikitoka na michirizi ya damu, una utitiri, na kupauka huko kwa upanga huenda kunatokana na huo kuliko minyoo. Mchana hutauona kwenye kuku: unajificha kwenye nyufa na matundu ya misumari, unatoka usiku kunyonya, kisha unarudi.

Ndiyo maana kumpaka kuku dawa ya utitiri huu ni kupoteza dawa. Anayetibiwa ni banda. Toa fito na viota nje, kwangua, choma maranda yote, mwagia maji yanayochemka kwenye kila ufa. Pakikauka, nyunyiza permethrini iliyosajiliwa kwa mabanda ya kuku, kwa kipimo cha kwenye lebo, mpaka nyufa zilowe kabisa. Kuku wasirudi kabla dawa haijakauka. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, kwa sababu dawa haiui mayai, na kwenye joto utitiri hukua kutoka yai hadi mzazi kwa wiki moja tu. Ukiruka duru ya pili umeanza upya. Pia usitegemee kulihama banda kwa wiki chache: utitiri huu huishi miezi kadhaa bila damu.

Permethrini ni sumu kali kwa paka na samaki. Watenge.

Manyoya:
Hao wanaokimbia ni chawa, na hivyo vyeupe ni mayai yao. Unga haukushindwa, ila mayai huanguliwa baada ya siku 4 hadi 7, na unga ulikuwa umeshapukutika. Tumia unga wa permethrini wa asilimia 0.25, gramu 4 hadi 5 kwa kila kuku. Utie ndani ya soksi kuukuu, mshike kuku miguu juu, pukuta kuzunguka njia ya haja, chini ya mabawa na kwenye mapaja, halafu sugua kwa vidole ufike kwenye ngozi. Wengi hupaka mgongoni tu, chawa wakabaki chini ya mkia. Vaa barakoa, na unga usiingie machoni wala mdomoni mwa kuku. Manyoya yaliyoganda mayai yakate uyachome. Rudia siku ya 10, kisha pekua tena siku ya 20.

Jivu kavu kwenye shimo la kuogea ni zuri kama kinga. Kwa kuku aliyekwisha kujaa chawa halitoshi.

KipimoSahihi:
Kuhusu minyoo: piperazini huua minyoo mikubwa mviringo iliyokomaa tu. Wachanga waliojichimbia kwenye ukuta wa utumbo hubaki, wakakua. Afadhali fenbendazoli ya maji ya kunywa iliyosajiliwa kwa kuku: miligramu 1 kwa kilo, siku 5 mfululizo. Kuku wako ni kilo 24, kwa hiyo miligramu 24 kwa siku. Dawa yenye miligramu 200 kwa mililita inakuwa mililita 0.12 tu, ipime kwa sirinji ya mililita 1. Changanya kwenye lita 2 za maji, ndicho chombo pekee cha kunywa, na wakimaliza wape maji safi.

Ukiona vipande kama punje za mchele juu ya kinyesi, hiyo ni tegu, na kipimo hiki hakiiui. Inahitaji prazikwanteli.

Mayai ya minyoo huiva kwenye udongo kwa wiki 2 hadi 3, kwa hiyo zoa kinyesi chini ya fito angalau mara mbili kwa wiki na uache sehemu ya uwanja ipumzike.

TembeKumiNaMbili:
Kitambaa kimetoka na damu. Fenbendazoli niliyopata ni ya mbuzi, asilimia 10. Inafaa?

KipimoSahihi:
Kwenye maji hapana, hutuama chini: wa kwanza hunywa maji matupu, wa mwisho anazidishiwa. Muulize kwanza daktari wa mifugo. Akikubali, tikisa chupa, chukua mililita 1, ongeza maji mililita 9, sasa una miligramu 10 kwa mililita. Kila kuku apate mililita 0.2 mdomoni, siku 5, ukitikisa kabla ya kila kuvuta. Tengeneza mpya kila siku. Lebo ya mbuzi haina siku za kusubiri kwa mayai, hivyo mayai yasiliwe mpaka daktari akupe idadi ya siku.

BandaKavu:
Na kwa kuwa damu imeonekana, anza na banda kesho asubuhi, unga wa chawa siku hiyohiyo kabla hawajarudi ndani. Dawa ya minyoo ianze kesho kutwa.