Mwandishi wa safari ana ruhusa ya kumcheka kila anayekutana naye njiani?

Wadau, mwenzetu aliyeanzisha mjadala anasema mwandishi wa safari Bill Bryson hana kosa katika kitabu chake A Walk in the Woods (1998): anajicheka yeye kwanza, pumzi zake na woga wake wa dubu, kwa hiyo anaweza kumcheka yeyote. Mimi nakataa.

Kitabu nakipenda. Kwa ambao hawajakisoma: Bryson na rafiki yake anayemwita Katz, watu wazima wasio na mazoezi, wanaingia Appalachian Trail, njia ya miguu ya takriban kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine, huko Marekani. Siku ya kwanza tu Katz anazidiwa na mzigo, anaanza kutupa chakula porini. Hapo nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Katz ni rafiki wa miaka mingi, wanataniana. Na wanaolalamika kwamba Bryson hakufika hata nusu ya njia, siwaungi mkono, mwenyewe hakuficha.

Kinachoniuma ni Mary Ellen. Mwanamke anatembea peke yake, anawaganda, haachi kuongea, anakosoa vifaa vyao. Anageuzwa kichekesho, kisha wale wawili wanamkimbia.

Nimebeba mizigo Kilimanjaro misimu sita. Mgeni mmoja, njia ya Machame, hakunyamaza tangu getini. Buti za kila mtu alizitajia kasoro. Wenzake wakawa wanamkwepa, nasi wagumu, wapagazi wa mlima, tukambandika jina: Redio. Siku ya nne, kwenye ukuta wa Barranco, hakutoa neno. Alikuwa ameukumbatia mwamba, shavu limegusa jiwe, vidole vinatetemeka. Nilimshika mkono, nikamwonyesha pa kukanyaga, hatua moja moja hadi juu. Yale maneno yote ya siku tatu yalikuwa hofu, na sisi tulikuwa tumeshamcheka vya kutosha. Sikumwita Redio tena.

Mtaniambia Bryson anaandika vichekesho, si ushauri nasaha. Sawa, lakini kuhurumia anajua. Soma anapofika kwenye michesnati ya Marekani, miti iliyojaa milima ile kabla ya ugonjwa wa kuvu kuingia mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua mabilioni. Pale utani unakaa pembeni, anaomboleza kama mtu aliyefiwa. Mti amepata muda wa kuusikiliza.

Basi ndugu yangu unayemtetea, usinijibu kwamba Mary Ellen alikuwa kero. Huenda alikuwa kero kweli. Nionyeshe ukurasa ambao Bryson anamuuliza kwa nini anatembea peke yake, na kumwacha ajibu.