Tupeane uzoefu: mteja anaporudisha bidhaa aliyoinunua mtandaoni

Mshonamikoba: Salaam, wenzangu. Ninauza mikoba ya ngozi mtandaoni, na kazi yote, kuanzia kupiga picha hadi kufunga vifurushi, ninaifanya mwenyewe. Kwa muda mrefu sharti langu lilikuwa lile tulilozoea kuliona kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Siku moja mteja alinitumia picha ya mkoba uliokatika mkanda baada ya kubebwa mara mbili tu. Nilimkumbusha sharti hilo, naye akanijibu kwa upole kwamba hakuwa amebadili mawazo, bali ameuziwa kitu kibovu. Nilimrejeshea fedha zote pamoja na gharama ya usafirishaji, na tangu siku hiyo nimeelewa kwamba anayerudisha bidhaa kwa kuwa haimpendezi tena na anayeirudisha kwa kuwa ina kasoro hawapimwi kwa kipimo kimoja. Naomba tusimuliane, wauzaji kwa wanunuzi, yaliyowakuta.

Msafirishaji: Mimi niliumizwa na yule wa kundi la kwanza. Nilimuuzia nguo mteja aliyeko katika nchi mojawapo ya Umoja wa Ulaya, na baada ya miezi mitatu akaniandikia kwamba anaghairi. Nilicheka, nikidhani muda umekwisha. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 kuhusu haki za watumiaji humpa mnunuzi wa mtandaoni siku 14, tangu apokee bidhaa, za kughairi bila kutoa sababu yoyote. Lakini muuzaji asipomweleza mnunuzi haki hiyo, muda huongezeka kwa miezi 12. Nami sikuwa nimeandika lolote. Nilimrudishia bei pamoja na gharama ya kawaida ya kumpelekea mzigo, na kwa kuwa sikuwa nimemjulisha mapema kwamba gharama ya kurudisha ni yake, hiyo nayo ikaniangukia. Nafuu pekee niliyoipata ni kwamba sheria hiyo humruhusu muuzaji kuzuia fedha mpaka aipokee bidhaa, au mpaka mnunuzi aonyeshe uthibitisho kwamba ameshaituma.

Mnunuzi Makini: Ningependa kuongeza kwamba haki hiyo haifanani kila mahali. China na Afrika Kusini hutoa siku 7 kwa ununuzi mwingi wa mtandaoni, ilhali nchini Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha muuzaji wa mtandaoni kupokea bidhaa isiyo na kasoro kwa sababu tu mnunuzi amebadili mawazo. Kwa hiyo mimi husoma masharti kabla ya kulipa, nami huyapiga picha, kwa sababu nimewahi kukuta yamebadilishwa baada ya mgogoro kuanza.

Fundi Mbao: Kwangu kila kitu hutengenezwa kwa agizo: vibao vya milangoni vyenye majina. Bidhaa iliyotengenezwa kwa maelekezo ya mteja kwa kawaida haimo katika haki ya kughairi, kama zisivyokuwamo bidhaa zinazoharibika upesi, au zile za usafi wa mwili zikishafunguliwa. Nilijivunia kinga hiyo kupita kiasi. Mteja mmoja alilalamika kwamba jina limekosewa herufi moja, nami, bila kuangalia, nikamwandikia kwamba kazi ya agizo hairudishwi. Niliporudi kwenye ujumbe wake wa awali nilikuta ameliandika vizuri, na kosa lilikuwa la mkono wangu. Nilichonga kibao kingine bila malipo. Sasa humtumia mteja mchoro, nami sishiki patasi mpaka aniandikie kwamba ameukubali. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari langu siku hizi ni jumbe hizo.

Kifurushi: Asiyejibu malalamiko naye ana hasara yake. Nilikaa siku 9 bila kumjibu mteja aliyedai kwamba amepokea rangi tofauti na ya kwenye picha, naye akaenda benki kupinga malipo ya kadi. Fedha zilikatwa, nikatozwa na ada, na bidhaa ikabaki kwake. Picha zangu kweli zilikuwa zimepigwa chini ya taa ya manjano, kwa hiyo sikuwa na utetezi mzuri. Hata hivyo, ningalimjibu siku ya kwanza, angalau bidhaa ingalirudi.

Mshonamikoba: Nashukuru. Nimeandika upya masharti yangu, na nimeyaweka juu ya kitufe cha kulipia, si chini kabisa ya ukurasa. Limebaki jambo moja linalonisumbua: mkoba uliorudishwa ndani ya muda, ukiwa mzima, lakini unanukia manukato na una mikwaruzo kwenye kitako. Je, nirejeshe fedha zote?

Msafirishaji: Kwa kanuni za Ulaya, si lazima iwe zote, mradi ulikuwa umemjulisha haki yake. Mnunuzi anaruhusiwa kuikagua bidhaa kama ambavyo angeikagua dukani. Akiitumia kupita hapo, unaweza kukata kiasi kinacholingana na thamani iliyopungua. Mimi hupiga picha kila pembe kabla ya kufunga mzigo na mara tu unaporudi, kisha humtumia mteja picha zote mbili pamoja na hesabu ya makato.