Sparingi ya vitara vya kijeshi: vidole vinapondeka, na wote wawili tunapigwa kwa pamoja

Nyegezi_Sita

Salaam wakuu. Tuko sita hapa Mwanza, tunajifunza vitara vya kijeshi vya Ulaya kwa kanuni za Waingereza. Tunavyo vitara viwili vya chuma, butu, mfano wa wapandafarasi wepesi wa 1796, kimoja gramu 940 na kingine 870. Vinne vilivyobaki ni vya nailoni. Barakoa za wavu tunazo, makoti tunayo, glavu ni za ngozi za kawaida.

Maswali matatu. Vidole na kifundo cha mkono vinaumia kila wiki, tatizo ni glavu au ni sisi? Pili, karibu kila pambano linaisha wote wawili tumeguswa kichwani kwa wakati mmoja. Tatu, kuna fundi Igoma anasema anaweza kututengenezea vitara vinne kwa springi ya Fuso, bei nafuu sana. Tuchukue?

Kigasha

Karibu mkuu. Glavu zina lawama, ila si zote.

Kitara cha 1796 kina utepe mmoja tu wa chuma unaopita mbele ya vidole. Kiliundwa na Le Marchant, ofisa wa wapandafarasi wa Uingereza, kwa ajili ya mtu aliye juu ya farasi, anayepita kwa kasi, anakata mara moja na kuondoka. Ubapa wake unapanuka kuelekea ncha, uzito wote uko mbele, na ukishakirusha kukisimamisha ni kazi. Nyinyi mnakitumia kwa miguu, mkibadilishana mapigo dakika nzima. Lazima vidole vilipe. Siku mkipata hela, tafuteni cha askari wa miguu chenye bakuli la chuma linalofunika mkono, gramu 700 hadi 800, kinachosimama sawasawa ukikiweka juu ya kidole sentimita 10 hadi 13 mbele ya bakuli. Kabla ya kuagiza ulizeni kama glavu nene inaingia humo ndani, maana mabakuli mengi yametengenezwa kwa mkono mtupu, na mtu anaishia kuvaa glavu nyepesi ili tu aweze kushika mpini.

Kwa mlivyo navyo sasa, simameni kwa kinga ya kuning'iniza. Mkono juu, usawa wa paji la uso, makali yakiangalia juu, ncha ikishuka mbele na kuingia kushoto kidogo. Hapo mkono na kigasha viko nyuma ya ubapa. Inachosha bega, ndiyo, na mgeni huanza kuushusha mkono taratibu bila kujijua. Mkono ukifika usawa wa kidevu kinga imekufa, na pigo linalofuata linatua juu ya vidole.

Sasa hilo la kupigwa pamoja. Mnaanzia karibu mno na wote mnawinda kichwa. Mkiwa kwenye umbali ambao kichwa kinafikika bila hatua, hakuna muda wa kukinga, kwa hiyo kila mtu anakata akiomba Mungu. Rudini nyuma. Umbali sahihi ni ule ambao ukinyoosha mkono na kupiga hatua ndefu ya shambulio, ncha inafika kwenye kifundo cha mkono cha mwenzako, si zaidi. Kinachokuwa karibu nawe muda wote ni mkono wake, hivyo ukivuka kuufuata uso wake umempa mkono wako bure.

Fanyeni hivi kwa wiki mbili. Raundi za dakika 2, shabaha ni mkono hadi kiwiko, basi. Pointi inahesabiwa tu kama aliyegusa ametoka akiwa amejikinga, bila kuguswa ndani ya hatua moja. Mkiguswa wote, wote mnakatwa pointi. Kichwa kiongezeni wiki ya tatu, tena kwa masharti yaleyale. Msiongeze mguu mapema, utawarudisha mlikotoka.

Tupa_na_Msasa

Hilo la Fuso: hapana. Nalisema kwa heshima kwa fundi, maana chuma chenyewe si kibaya. Springi ya gari inatoa panga zuri la shambani. Lakini panga halitakiwi kupinda likigonga kifua cha mtu, kitara cha sparingi kinatakiwa. Ili kipinde na kurudi, theluthi ya mbele lazima iwe nyembamba kwa vipimo, na kuchomwa na kupozwa kwake kuwe sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akikosea kwa kukiacha kigumu mno, kinakatika ghafla, na kipande kilichobaki mkononi kina ncha kali kuliko kisu. Mwenzako anakuwa ameshaanza kusonga mbele. Akikosea upande wa pili, kinabaki kimepinda kama mundu baada ya siku moja.

Na kilichopasuka hakichomelewi. Moto wa kuchomelea unaua ugumu wa chuma pembeni mwa ungio, na hapohapo ndipo kitavunjika tena.

Badala yake tumieni fimbo. Si kujifariji, jeshi la Uingereza lenyewe lilifundisha kitara kwa fimbo yenye kikapu cha mkononi, na mchezo huo ulikuwamo hata kwenye Olimpiki ya St. Louis ya 1904. Urefu sentimita 90 hivi, unene milimita 19 hadi 20 shikioni, ikipungua kidogo kuelekea mbele. Henzerani ni bora kuliko zote kwa sababu ikichoka inafumuka nyuzi badala ya kukatika. Mkole mbichi uliokaushwa kivulini pia unafaa. Mianzi hapana: inapasuka vibanzi virefu vinavyopita kwenye wavu wa barakoa. Kikapu cha mkono, mpelekeeni msusi wa vikapu, au kateni dumu la lita 20, likunjeni kuzunguka mkono na kulikaza kwa mshipi wa ngozi. Dumu la maji lililoungua jua miezi mingi msilitumie, linameguka.

Vya chuma mlivyo navyo, kila kabla ya pambano pitisheni kitambaa cha pamba kwenye makali yote. Kikinasa, pana jino. Litoeni kwa tupa laini, kisha msasa namba 220, halafu 400, hadi kitambaa kiteleze. Jino dogo linachana koti, na ufa huanzia hapo. Kikipinda kwa mviringo mrefu kinyoosheni polepole kwa mguu. Kikipinda kwa kona kali, hasa karibu na mpini, kimestaafu. Halafu unyevu wa ziwa msiuchukulie mzaha: futeni jasho, pakeni mafuta ya cherehani, na msikihifadhi ndani ya ala ya ngozi.

Mabatini_Kwanza

Naafiki karibu yote. Ila hakuna aliyegusa nguvu, na vidole huvunjwa na nguvu kuliko kitu kingine.

Angalieni mnavyokata. Bega likianza, pigo ni zito na linaonekana kutoka Kirumba. Pigo la sparingi linaongozwa na kiwiko na kifundo, vidole viwili vya mwisho vinakaza pale tu makali yanapogusa, kisha unavuta kitara kurudi kwako badala ya kukisukuma ndani. Waitaliano waligombana sana juu ya hili: mwalimu wa vitara Radaelli aliweka mhimili kwenye kiwiko, waliomfuata mwalimu mwingine, Parise, wakataka kifundo. Kwa kitara cha gramu 940 mimi niko na Radaelli. Ukikizungusha kwa kifundo peke yake, kano zinavimba, na ndiyo yale maumivu ya kila wiki.

Jaribio rahisi: fungeni tairi kuukuu kwenye nguzo, kata. Makali yakiingia sawasawa, mkono unahisi mgongano mmoja mkavu. Ukihisi kitara kinatetema kushoto na kulia, umepiga kwa ubapa, na pigo la ubapa ndilo linaloruka na kuangukia vidole vya mtu.

Kigasha kivikeni vikinga ugoko vya mpira wa miguu, viwili kila mkono, viko hata sokoni. Kisogo kifunikwe, kwa sababu mtu anayegeuka kukimbia pigo anakipeleka mbele mwenyewe. Koo liwe na kikinga kigumu chini ya bibu ya barakoa. Bibu ni kitambaa, inazuia kutobolewa, haizuii kusukumwa. Na helmeti ya bodaboda isiingie kabisa uwanjani, kioo chake kinapasuka na shingo iko wazi.

Barakoa ya wavu pia haizuii ubongo kutikisika. Aliyepigwa kwa nguvu kichwani anatoka, harudi siku hiyo hata akisema yuko fiti. Kichwa kikiuma, akatapika au akachanganyikiwa, hospitali.

Nyegezi_Sita

Asanteni sana wakuu. Fimbo tunaanza Jumamosi. Swali dogo: Kigasha kasema tusiongeze mguu. Mbona goti ndilo rahisi kuliko vyote? Halikingwi na mtu.

Kigasha

Halikingwi kwa sababu halihitaji kukingwa, mkuu. Piga hesabu. Chukua bega lako liwe sentimita 140 kutoka chini, mkono pamoja na kitara sentimita 148. Ukikata usawa wa bega, unafika mbele sentimita 148. Ukilenga goti, sentimita 50 kutoka chini, mkono umelala mshazari na unafika mbele 117 tu. Umepoteza zaidi ya sentimita 30, na kuzifidia lazima usogeze kichwa ndani.

Yeye anafanya kitu kimoja: anauvuta mguu wa mbele hadi kisigino kiguse cha nyuma, anasimama wima, na kwa tendo hilohilo anakata kichwa au mkono wako ulionyooka. Waingereza walilifundisha hilo kama jambo la lazima. Lifanyeni zoezi: mmoja anakata goti kwa makusudi, taratibu, mwingine anavuta mguu, mara 20 kila upande. Kosa la kawaida ni kuvuta mguu kwanza na kukata baadaye. Vyote viende pamoja, la sivyo mshambuliaji ameshainuka na kinga yake.

Mguu unakatwa baada ya kumfanya ainue mikono kwa hadaa ya kichwa, au ukiwa umekinga na mmebanana. Na kama mnachezea kwenye nyasi kando ya ziwa, zoezi hili lisubiri zikauke. Kisigino kinachorudi nyuma kwa kasi kwenye nyasi zenye maji kinateleza, na unaangukia mgongo huku kitara cha mwenzako kikiwa njiani.