Ameiangusha helikopta yangu ya rimoti kwa mkono wake, halafu akaiita PANGABOI

Bomba la Mkia (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Nimetoka uwanjani sasa hivi, sijala, sijaoga, na kiganjani nimeshika jino la gia kubwa kama mtu aliyetoka kung'olewa gego.

Ni yule mtu wetu. Simtaji, mnamjua. Yule anayekuja na kiti cha kukunja, anakaa, anakunja nne, anahukumu helikopta za watu kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, na ya kwake mara ya mwisho kuonekana hewani Nuhu alikuwa bado anachonga safina.

Miezi 4 nimejenga mashine ile. Ukubwa wake ni daraja la 450, mapanga ya kaboni ya milimita 325. Kila skrubu inayoingia kwenye chuma niliitoa, nikaifuta mafuta, nikaipaka gundi ya bluu isilegee, nikairudisha. Sevo 3, vile vimota vidogo vinavyobeba swoshipleti, sahani inayobadilisha pembe ya mapanga, nilizirekebisha mpaka ile sahani ikalala kama maji kwenye beseni. Mapanga niliyabandika utepe kwenye ncha, moja jekundu, jingine la njano, nikachuchumaa kwa mbali nikiyatazama yanazunguka mpaka rangi zote mbili zikapita njia moja.

Leo ikapaa. Ikaelea mita moja na nusu kutoka ardhini, mkia umetulia, jairo, kile kifaa kinachozuia mkia usizunguke, imeshika barabara, mimi nimeacha hata kupumua. Hiyo ni dakika ya 2, na betri yangu inanipa dakika 5 tu.

Ndipo mkono ukaja kutoka nyuma. Hodi hakuna, samahani hakuna. Akaikwapua rimoti: "Lete nikuonyeshe."

Yeye anarusha modi 1. Rimoti yangu ni modi 2, kazi za stiki zimepangwa tofauti. Wanaojua najua wameshashika vichwa. Alitaka kuisogeza mbele, akasukuma stiki ya kushoto. Kwake hiyo ni pua chini, kwangu hiyo ni PANDA JUU. Helikopta ikaruka kama imechomwa sindano. Akashtuka, akaivuta stiki ileile mpaka chini kabisa. Stiki ikifika chini, mapanga yangu yanageuka nyuzi 3 chini ya sifuri, yaani yanaisukuma mashine ardhini. Ikasukumwa. Panga likalikata bomba la mkia vipande viwili, shafti ikapinda, gia ikamwaga meno kama mtoto wa miaka 7.

Hilo ningesamehe. Naapa ningesamehe.

Akanirudishia rimoti, akaenda kuyageuza mabaki kwa ncha ya kiatu, KWA KIATU wakuu, akasema uwanja mzima unasikia: "Kumbe ni pangaboi tu hili."

Pangaboi. Feni ya dari. Kitu cha kufukuzia joto sebuleni. Pangaboi lina sevo? Pangaboi lina jairo? Ncha za mapanga yangu zikizunguka mara 2,800 kwa dakika zinakimbia karibu kilomita 380 kwa saa, mniambie sebule gani ina pangaboi la namna hiyo. Na alicheka. Akarudi kwenye kiti chake akakunja nne tena.

Pangaboi!

Sevo ya Tatu

Pole sana mkuu. Namjua huyo, ana kofia.

Kichwa Maji

Swali dogo: rimoti ulimpa au alichukua? Maana mimi yangu mtu akiigusa tunapelekana mbali.

Bomba la Mkia (mleta uzi)

Soma uzi! ALIKWAPUA. Macho yangu yalikuwa kwenye helikopta, ningemwonaje? Mtu anayeelea haangalii pembeni hata nyumba ikiungua. Na nakwambia rimoti si hoja, hoja ni lile neno. Aligeuza kwa kiatu, akasema pangaboi.

Mzee wa Simuleta

Kijana, kosa la kwanza ni modi 2. Ungekuwa modi 1 kama sisi, mashine yako ingekuwa nzima mpaka sasa.

Kaboni Tupu

Hapo Mzee umekosea kabisa. Modi 2 stiki ya kulia inafuata mwili wa helikopta, mbele ni mbele, kushoto ni kushoto. Anayeanza leo kwa nini agawanye jambo moja mikono miwili?

Mzee wa Simuleta

Kwa sababu mikono yote miwili ni yake. Ninyi mmezaliwa mkakuta jairo inawashikia mkia. Walioanza na helikopta za yule Mjerumani, Dieter Schlüter, mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliushika mkia kwa kidole gumba. Ukiongeza nguvu tu, mwili unataka kuzunguka kinyume cha mapanga, na wewe unaukatalia mwenyewe. Hao ndio warushaji.

Kaboni Tupu

Na walivunja ngapi?

Mzee wa Simuleta

Nyingi. Ndiyo maana walijua kutengeneza.

Gia Imeliwa

Mimi nacheka tu hapa. Mleta uzi, kwa picha uliyoweka mbona kweli linafanana na pangaboi? Hasa sasa hivi halina mkia.

Bomba la Mkia (mleta uzi)

Nilijua atatokea mmoja. Wewe Gia Imeliwa ni yuleyule au ni mdogo wake? Mtu analia msibani, wewe unamwambia marehemu alikuwa na masikio makubwa. Sikuja hapa kuambiwa inafanana na nini, nilikaa nayo miezi 4, naijua inafanana na nini.

Sevo ya Tatu

Jamani mwacheni. Mimi niliyenaye uwanjani kwetu ni mbaya kuliko huyo. Anawasha helikopta ya daraja la 700 katikati ya watu. Mapanga ya milimita 700 kila moja! Hajagusa swichi ya kuzima mota, rimoti kaiacha kwenye nyasi, yeye kainama juu ya kichwa cha rota anakaza skrubu. Nilimpigia kelele akaniambia nina woga wa kike. Nilihamisha watoto wangu nikaondoka.

Kichwa Maji

Huyo ni wa kufukuzwa uwanjani leo hii. Swichi ya kuzima mota ndiyo ya kwanza kuguswa kabla hujaikaribia mashine, na betri unachomoa. Hakuna mjadala.

Upepo Mwanana

Afadhali yenu. Mimi kuna mtu aliazima betri yangu. Narudia, ALIAZIMA, ikarudi imevimba kama andazi. Namuuliza, anasema "niliirusha mpaka ikaishiwa yenyewe." Betri ya seli 3! Betri hizi za lithiamu (LiPo) ukiishusha chini ya volti 3 kwa seli umeiua, na huyo aliona mashine inazama bado akaendelea. Kisha ananiuliza nyingine ziko wapi.

Sevo ya Tatu

Imevimba halafu umeiweka wapi? Usiniambie iko ndani.

Upepo Mwanana

Iko kabatini.

Kichwa Maji

ITOE SASA HIVI.

Kaboni Tupu

Mkuu toka kwenye simu, itoe nje, iweke mbali na kitu chochote kinachoungua, kwenye chombo cha chuma au ndoo ya mchanga. Usiitoboe. Usijaribu kuichaji "uone kama itakubali".

Bomba la Mkia (mleta uzi)

Wakuu, narudi kwenye hoja. Kesho yule mtu atakuwepo uwanjani. Nimwambie nini kuhusu lile neno?

Upepo Mwanana

Nimeitoa, iko uani kwenye sufuria kuukuu. Mke wangu ananiangalia. Zile nzima je, nilizoacha zimejaa tangu mwezi uliopita?

Mzee wa Simuleta

Zimejaa volti 4.2 kwa seli mwezi mzima? Ndiyo maana zinavimba hata bila kuazimwa. Ukijua hurushi kesho, zishushe mpaka volti 3.8 kwa seli, chaja yako ina sehemu ya kuhifadhia, itazame vizuri.

Upepo Mwanana

Sehemu hiyo nimeiona miaka yote nikadhani ni ya betri za gari.

Gia Imeliwa

Chaja gani unayo? Yangu inapiga kelele ikimaliza, inaamsha nyumba nzima, sijui pa kuizimia.

Upepo Mwanana

Bonyeza ile ya kushoto ukiwa umeishikilia.