Mjadala: Miguel Alemán, rais raia aliyewatumia wanajeshi

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, naleta hoja kuhusu Miguel Alemán Valdés, aliyeiongoza Meksiko kuanzia Desemba 1946 hadi Novemba 1952. Baada ya majenerali kupokezana kiti kwa miaka mingi, yeye alikuwa raia wa kwanza kuwa rais: mwanasheria aliyeanza kazi kwa kuwatetea wachimba migodi walioharibika mapafu kwa vumbi la mawe. Alijenga barabara na mabwawa, akaikuza Acapulco, akakipatia chuo kikuu cha taifa makao mapya. Wapo wanaosema rushwa ilishamiri mno chini yake. Je, nchi ilifaidika kuongozwa na mtu asiye mwanajeshi?

Mwalimu wa historia: Siwezi kuliacha hilo la "raia wa kwanza" lipite. Benito Juárez, rais wa karne ya 19 na mtu wa kabila la asili la Wazapoteki wa Oaxaca, alikuwa mwanasheria. Francisco Madero alichaguliwa mwaka 1911 akiwa raia, na Februari 1913 akauawa baada ya kusalitiwa na jenerali aliyemkabidhi ulinzi wa serikali yake. Emilio Portes Gil naye hakuwa mwanajeshi, ingawa urais wake ulikuwa wa muda tu. Tuwe waangalifu tunapoandika.

Mchangiaji wa tatu: Mwalimu amesema kweli, ila mimi naona tatizo kubwa zaidi. Alemán ni mtoto wa jenerali wa Mapinduzi ya Meksiko yaliyoanza 1910. Amekulia katika nyumba ya bunduki, halafu leo tunaambiwa ni raia?

Mwanzisha mada: Hapo ndugu yangu umenigusa pabaya. Baba yake alikufa mwaka 1929 akiwa mwasi, akipigana na serikali ya wakati huo, kwa hiyo jina lake halikumfungulia mwanawe mlango wowote siku zile. Cheo hakirithiwi kama shamba. Baba yangu mimi alikuwa askari, nami nauza vitabu, na yeyote atakayeniita askari nitamkatalia mbele za watu.

Mchangiaji wa tatu: Sikumgusa mzee wako, na kama umeelewa hivyo naomba radhi. Nilichosema ni kwamba tabia za kambini zilimfuata hadi ikulu. Wiki tatu zilikuwa hazijatimia tangu aapishwe, wafanyakazi wa mafuta wakasimamisha kazi, naye akapeleka jeshi kwenye mitambo. Mwaka 1948 serikali ikamuunga mkono Jesús Díaz de León kukitwaa chama cha wafanyakazi wa reli. Bwana huyo alipenda mavazi ya wapanda farasi, yaani charro, na tangu hapo kiongozi wa wafanyakazi aliyenunuliwa na serikali huitwa charro huko Meksiko.

Dada mchangiaji: Kaka zangu, mmeshughulika na baba wa mtu mpaka mmewasahau wachimba migodi waliotajwa mwanzoni. Huko Nueva Rosita, Coahuila, wachimbaji wa makaa ya mawe waligoma mwaka 1950, na mgomo wao ukatangazwa kuwa haramu. Tarehe 20 Januari 1951 wakaanza safari kwa miguu, wao na wake zao na watoto, zaidi ya kilomita 1,000, wakaingia mji mkuu tarehe 10 Machi. Meksiko inaiita safari hiyo Msafara wa Njaa. Hebu fikirieni mama anayetembea wiki saba na mtoto, akiamini kwamba rais aliyewahi kuwa wakili wa wachimbaji atamsikiliza. Hakuwapokea. Walirudishwa kwao kwa treni, mikono mitupu.

Mwanzisha mada: Dada, uchungu wako nauelewa, lakini unamchora kana kwamba hakuwa na jema lolote. Ni chini yake, mwaka 1947, wanawake walipopata haki ya kupiga kura na kugombea katika chaguzi za halmashauri nchi nzima.

Dada mchangiaji: Usinipoze kwa hiyo kura. Iliishia kwenye halmashauri. Ile ya kuchagua rais wanawake waliipata mwaka 1953, yeye akiwa ameshaondoka. Mama wa Nueva Rosita hakuweza kumchagua wala kumkataa, alichoweza ni kumfuata kwa miguu.

Mwalimu wa historia: Nilikuwa nimerudi kusisitiza habari za Portes Gil, lakini naona swali limeshahama. Chuo kikuu hicho mnachokisifu kiliwekewa sanamu kubwa ya Alemán, na katika miaka ya 1960 ikashambuliwa kwa baruti. Anayemtetea atueleze kwanza kwa nini hasira ile ililipuka katika uwanja aliowajengea wanafunzi.